Kalamu Nyekundu na Jibu la Malenga: Kuhusu Kusahihisha Insha za Fasihi Chuoni

Mwanafunzi wa fasihi anaporudishiwa insha yake, jambo la kwanza analolitafuta ni alama. Hutazama pembe ya juu ya ukurasa wa kwanza, akaiona tarakimu iliyozungushiwa duara, kisha akaikunja karatasi na kwenda zake. Yale yaliyoandikwa pambizoni huenda akayasoma baadaye, na huenda asiyasome kamwe. Wahadhiri wengi hulilalamikia jambo hili. Husema kuwa mwanafunzi wa siku hizi anasaka alama tu na hana haja na elimu. Insha hii inakusudia kuonyesha kwamba lawama hiyo haimwangukii mwanafunzi peke yake. Sehemu kubwa ya maneno ya pambizoni haikuandikwa kwa ajili yake, naye kwa busara yake analitambua hilo.

Suala lenyewe si dogo. Wengi wa wanaosoma Kiswahili katika vyuo vikuu vya Kenya husomea ualimu. Namna wanavyosomwa chuoni ndiyo namna watakavyowasoma wengine. Mwanafunzi aliyezoeshwa kuamini kwamba insha ni orodha ya hoja zinazosubiri alama ya vema ataondoka chuoni akiwa na imani hiyo, na kwa miaka thelathini ataendelea kuzihesabu vema katika madaftari ya watoto wa wenyewe. Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili basi hauamuliwi katika makongamano na majarida pekee. Huamuliwa pia katika pambizo nyembamba ya karatasi ya mwanafunzi wa mwaka wa pili, ambaye jina lake halitawahi kutajwa katika jarida lolote.

Maneno ya Pambizoni

Maneno hayo ni machache na yanajulikana: "Fafanua." "Si wazi." "Toa mifano." "Upatanisho!" "Hoja nzuri." Wakati mwingine huwa ni alama ya kuuliza peke yake, au mstari uliopigwa chini ya sentensi bila neno lolote la kuueleza. Mnamo mwaka 1982, Nancy Sommers, aliyechunguza jinsi walimu wa vyuo vya Marekani walivyoyajibu maandishi ya wanafunzi wao, alibainisha kwamba maoni mengi ya aina hii hayafungamani na matini yoyote. Yangeweza kung'olewa katika insha moja na kubandikwa katika nyingine bila ya mtu kugundua. Alibainisha vilevile kwamba mwalimu aghalabu huiacha shabaha ya mwandishi na kuweka yake mahali pake, hata mwanafunzi anapoirekebisha kazi huwa anatekeleza matakwa ya mwalimu badala ya kuliendeleza wazo lake mwenyewe.

Hali hii inaweza kuonekana kwa mfano mmoja. Chukua mwanafunzi anayeandika juu ya riwaya ya Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyochapishwa mwaka 1980. Baada ya kurasa mbili za mambo yaliyozoeleka, yaani dhamira, wahusika na mbinu za lugha, anaiandika sentensi hii: "Maimuna alifungiwa ndani na babake, lakini hata alipotoka nje alikuwa bado amefungwa." Msahihishaji anaipigia mstari, anaandika "Fafanua" pembeni, na chini ya ukurasa anaongeza: "Dhamira nyingine je?" Mwanafunzi anapokea alama kumi na saba kati ya thelathini. Katika insha yake ya pili hapana sentensi inayofanana na ile. Pana dhamira sita, kila moja na aya yake, kila aya na mfano wake. Anapata alama ishirini na moja, na pambizoni pameandikwa "Umeimarika."

Msahihishaji huyu hakufanya uzembe. Aliisoma insha yote na akatoa alama za haki kwa mujibu wa mwongozo wake. Hata hivyo, sentensi moja iliyokuwa na fikra ndani yake imekufa, na aliyeiua ni mwandishi wake mwenyewe, kwa sababu alielezwa, bila ya mtu kukusudia kumweleza, kuwa haina thamani. Neno "fafanua" lilimpa amri bila ya kumwonyesha kilichohitaji ufafanuzi. Swali la "dhamira nyingine" likamwondoa pale alipokuwa amesimama na kumpeleka penginepo.

Tazama tofauti endapo pambizoni pangeandikwa hivi: "Unasema Maimuna alipotoka alibaki amefungwa. Amefungwa na nini sasa? Kuta za Maksuudi ameziacha nyuma. Je, ni sauti ya baba anayoibeba, au ni ulimwengu wa nje wenye kuta zake? Chagua mojawapo, kisha urudi kwa mamake, Tamima, uone kama hoja yako inamhusu naye." Maneno haya si mengi, na huandikwa kwa dakika mbili au tatu. Lakini yanairudia kauli ya mwanafunzi kabla ya kuihoji, yanauliza jambo ambalo jibu lake halimo katika mwongozo wowote wa mtihani, na yanamtaka arudi kwenye riwaya. Zaidi ya yote, yanaonyesha kuwa kuna mtu aliyemsoma.

Ni vyema kuuliza kwa nini maneno ya aina ya kwanza ni mengi na ya aina ya pili ni haba. Katika vyuo vingi vya Kenya, kozi hutahiniwa kwa alama 30 za kazi za muhula na alama 70 za mtihani wa mwisho. Karatasi za mtihani wa mwisho hazirejei mikononi mwa mwanafunzi. Hukaguliwa na mtahini wa nje, huhifadhiwa, na mwanafunzi huona herufi tu katika orodha ya matokeo. Kwa hiyo, sehemu kubwa ya maandishi yake ya kitaaluma husahihishwa pasipo yeye kuuona usahihishaji huo. Mhadhiri aliyezoea kuandika katika karatasi ambazo msomaji wake ni mtahini wa nje huizoea lugha ya kujitetea: vema hapa, mstari pale, neno moja la kuthibitisha kuwa ukurasa umesomwa. Anapoigeukia kazi ya muhula, ambayo mwanafunzi ataiona, mkono wake huendelea na mazoea yale yale. Maoni yake huwa ushahidi wa kuhalalisha alama, wala si neno la mtu kwa mtu.

Asili ya Kalamu Hii

Mazoea haya yana historia katika Kiswahili. Mnamo mwaka 1928, mkutano uliofanyika Mombasa ulikubaliana kwamba lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika Mashariki. Miongoni mwa kazi za Kamati hiyo ilikuwa kuzipitia lugha za vitabu vya shule na kuwapa waandishi mashauri. Kitabu kilichoridhisha kilipewa idhini, na idhini hiyo ilichapishwa ndani yake. Hapana haja ya kuyakana manufaa ya kazi ile: tahajia moja, kamusi na vitabu vilivyosomeka kutoka pwani hadi bara. Lakini sura ya msahihishaji iliyojengwa wakati huo ni sura ya mlinda mlango. Mbele yake hupita maandishi, naye huamua lipi liingie na lipi lirudi. Swali lake la kwanza kwa mwandishi ni kama lugha imekaa sawa. Hakuajiriwa kuuliza kama analosema mwandishi ni kweli.

Baadaye likaja shinikizo jingine. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa hadi kidato cha nne. Hatua hii iliipa lugha heshima iliyokuwa imenyimwa kwa muda mrefu, na bila yake idara nyingi za Kiswahili zisingekuwa na wanafunzi. Lakini mtihani wa taifa unaosahihishwa kwa maelfu ya karatasi hauwezi kwenda bila ya mwongozo wa hoja, na palipo na mwongozo wa hoja pana wauzaji wa miongozo. Kijana anaisoma riwaya teule akiwa na kitabu kingine kando yake kinachomweleza yaliyomo katika ile riwaya. Wapo wasomao kile cha pili tu. Mwanafunzi huyo ndiye anayeingia chuoni. Mwaka 1990 vyuo vikuu viliwapokea kwa pamoja wanafunzi wa mwisho wa kidato cha sita na wale wa kwanza wa 8-4-4, na tangu hapo madarasa hayajarudia udogo wake wa zamani.

Kutokana na hayo, insha ya chuo kikuu imekuja kufanana na jibu la mtihani wa shule lililorefushwa. Mwanafunzi huorodhesha, mhadhiri huhesabu. Kila mmoja humlaumu mwenziwe, na wote wawili wanatekeleza waliyofundishwa.

Jibizano kama Kielelezo

La kustaajabisha ni kwamba idara hizo hizo hufundisha, katika kozi za ushairi, namna nyingine ya kuyapokea maneno ya mtu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, alirushiana beti na malenga wa Lamu wakati miji hiyo miwili ilipokuwa katika uhasama. Sehemu kubwa ya tungo zake ilihifadhiwa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua bin Abdallah, akishirikiana na mmishonari W. E. Taylor, na nyingi ya tungo hizo hazieleweki vizuri mpaka ijulikane zilikuwa zikimjibu nani. Desturi ya kujibizana haikuishia hapo. Kurasa za mashairi za magazeti, Taifa Leo likiwemo, zimebeba kwa miongo mingi beti za kuuliza na beti za kujibu, mtu wa Lamu akimjibu mtu wa Kitale asiyepata kuonana naye.

Jibizano lina kanuni ambazo msahihishaji anaweza kujifunza kwazo. Ya kwanza ni kwamba mjibuji aghalabu hushika bahari na vina vya mwenzake. Hawezi kumjibu mtu wa tarbia kwa mlolongo wa maneno yoyote yale. Lazima aingie katika umbo alilowekewa, na kwa kuingia huko athibitishe kuwa amelisikia. Katika usahihishaji, kanuni hii ina maana kwamba maoni yaanze kwa kuirejesha kauli ya mwanafunzi katika sura ambayo mwanafunzi mwenyewe ataitambua kuwa ni yake. Msahihishaji asiyeweza kuisema hoja ya mwanafunzi kwa sentensi moja hana budi kujiuliza kama hoja haimo, au kama yeye ndiye hajasoma.

Kanuni ya pili ni kwamba jibizano hushambulia jambo lililosemwa. Malenga akilumbana nawe hakuambii kuwa hukugusia mambo mengine matano. Hulichukua lile ulilolitamka na kuligeuza mbele ya macho yako, uuone upande wake wa nyuma. "Dhamira nyingine je?" si jibu kwa sentensi juu ya Maimuna. Ni kubadilisha mazungumzo.

Kanuni ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote. Jibizano hungoja jibu. Ubeti wa mwisho huacha fumbo au changamoto, na umma husubiri kusikia mwenziwe atasema nini. Maoni ya pambizoni, kwa kawaida, hayangoji chochote. Alama imekwisha kutolewa, kozi inasonga mbele, na hata mwanafunzi akiwa na jibu hana mahali pa kulipeleka. Neno lisilongoja jibu ni tangazo, na tangazo husomwa na mwenye nafasi.

Pingamizi moja linafaa kuzingatiwa. Itasemwa kuwa malenga hulumbana wakiwa sawa, hali mhadhiri na mwanafunzi si sawa: mmoja ana kalamu na alama, mwingine ana karo ya kulipa na shahada ya kutafuta. Itasemwa pia kuwa adabu haimruhusu kijana kumpinga mwalimu wake kwa maandishi. Pingamizi hili lina uzito, na ndiyo sababu mwanafunzi anapoombwa kujibu huandika kwamba Mwalimu amesema kweli naye amejifunza mengi. Lakini ushairi wenyewe unalo jibu. Malenga chipukizi anayemkabili mkongwe hutanguliza salamu, hutaka radhi, humtaja mkubwa kwa cheo chake, kisha katika ubeti wa nne au wa tano hulileta alilojia. Radhi haiui hoja. Huipa njia ya kupita. Kijana aliyelelewa kuheshimu hana haja ya kufundishwa ujeuri ili ahakiki. Anahitaji kuonyeshwa kwamba katika lugha yake adabu na ubishi vimekaa katika shairi moja tangu zamani. Na kwa upande wa alama, mhadhiri anaweza kuizuia hadi jibu liwe limeandikwa, jambo litakaloelezwa hapa chini.

Suala la Lugha

Hakuna sehemu ambamo kalamu nyekundu hujiamini kama katika makosa ya lugha, na hakuna sehemu ambamo inaweza kudhuru kwa wepesi zaidi. Fikiria mwanafunzi kutoka Mombasa anayeandika juu ya Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla. Mashairi ya diwani hiyo yalitungwa gerezani kati ya miaka 1969 na 1972, mshairi alipokuwa akitumikia kifungo kwa sababu ya waraka wake, Kenya: Twendapi? Ilichapishwa mwaka 1973, na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Mwanafunzi anaandika: "Mshairi yuwaona kuwa nti imemtupa." Kalamu inakata "yuwaona" na kuandika "anaona", inakata "nti" na kuandika "nchi". Hoja haikuguswa.

Mhadhiri huyo huyo, katika mhadhara wa juma lililopita, aliisifu diwani hiyo kwa utajiri wa Kimvita chake. Mwanafunzi alikuwapo na aliandika sifa hizo daftarini. Sasa anajifunza kwamba lahaja ya nyumbani kwao ni pambo inapokuwa kalamuni mwa mshairi na ni uchafu inapokuwa kalamuni mwake. Haitakiwi kubishana kwamba insha ya kitaaluma iandikwe kwa Kiswahili sanifu. Inatakiwa tu tofauti ielezwe: kwamba "yuwaona" ni umbo sahihi la Kimvita, kwamba umbo la sanifu ni "anaona", na kwamba mwandishi anayezimudu njia zote mbili ana mali ambayo mwenziwe wa bara ataitafuta vitabuni. Kosa ni jambo moja na lahaja ni jingine, na msahihishaji wa Kiswahili asiyetenganisha haya mawili hana cha kuwafundisha walimu wa kesho.

Aidha, ndani ya sentensi ile ile mlikuwa na swali la uhakiki lililopotea. Aliyemtupa mshairi ni nchi au ni serikali? Mwanafunzi hakuvitenganisha, na huenda hakuwahi kufikiri kuwa vinatenganishika. Kama pambizoni pangeandikwa: "Nchi na serikali ni kitu kimoja kwa mshairi huyu? Isome tena diwani, utafute mahali anapovitofautisha au anapokataa kuvitofautisha," mwanafunzi angekuwa na kazi ya wiki mbili, na pengine ya tasnifu nzima.

Kwa upande mwingine, wako wanafunzi wengi ambao Kiswahili kwao ni lugha ya pili au ya tatu, na insha zao zina makosa ya kweli: "kitabu ambayo", "vitu mingi", "mambo hii". Makosa haya hayawezi kuachwa, kwa maana waandishi wake watasimama mbele ya darasa la Kiswahili. Lakini karatasi iliyopakwa wino mwekundu katika kila mstari haimfundishi mtu upatanisho wa kisarufi. Mwanafunzi huona makosa arobaini na kudhani kuwa ana magonjwa arobaini, ilhali yakichunguzwa huwa ni matatu: ngeli moja inayomtatiza, kirejeshi kimoja asichokimudu na mazoea ya mazungumzo ya mitaani. Msahihishaji akilitaja moja kati ya haya matatu, akalisahihisha mara mbili katika ukurasa wa kwanza na kumwachia mwanafunzi ayatafute mengine yaliyosalia ya aina hiyo, atakuwa amempa kazi inayowezekana. La pili na la tatu zitangoja insha zitakazofuata.

Muda na Idadi

Hadi hapa msomaji aliye na darasa kubwa atakuwa ameanza kukunja uso. Hesabu iko wazi. Darasa la wanafunzi 120, kila insha ikichukua dakika ishirini, linahitaji saa 40 za kusahihisha, na mhadhiri ana kozi tatu au nne. Mwanafunzi naye hupata kazi yake wiki ya mwisho ya muhula, au baada ya muhula, wakati ambapo maoni mazuri kabisa hayana pa kutendea kazi. Ushauri wowote usiokabili hesabu hii ni mahubiri.

Njia iliyopo ni kuandika machache zaidi kwa shabaha. Maoni yawe matatu tu. La kwanza liirejeshe hoja ya mwanafunzi kwa sentensi moja. La pili liwe swali moja linaloihoji hoja hiyo, lenye kumrudisha kwenye matini. La tatu litaje aina moja ya kosa la lugha. Mengine yote yaachwe, hata yakiwa kweli. Mhadhiri aliyejizuia hivi huweza kumaliza insha moja kwa dakika kumi. Saa 40 zinakuwa 20.

Kisha insha zirudishwe bila ya alama. Mwanafunzi apewe juma moja la kuandika nusu ukurasa: alijibu lile swali, akikubali, akikataa au akiigeuza hoja yake, na ayasahihishe makosa ya aina iliyotajwa. Alama tano kati ya zile thelathini za muhula zitengewe jibu hili, na mwanafunzi aambiwe wazi kuwa hazitolewi kwa kukubaliana na mhadhiri, bali kwa kuonyesha mahali katika matini. Kusoma nusu ukurasa ni kazi ya dakika mbili, yaani saa nne kwa darasa zima. Jumla ni saa 24 badala ya 40, na kila mwanafunzi amejibiwa na amejibu.

Utafiti unaunga mkono mpango wa namna hii. Mwaka 1988 Ruth Butler alichapisha matokeo ya uchunguzi wake kuhusu wanafunzi wa shule nchini Israel, ambamo baadhi walipewa alama pekee, baadhi maoni pekee, na baadhi vyote viwili. Waliopewa maoni pekee ndio walioendelea vizuri. Kuyaongeza maoni juu ya alama hakukuleta faida hiyo, kana kwamba alama ilikuwa imeyameza maneno. Mwaka uliofuata, Royce Sadler wa Australia alieleza kwamba mwanafunzi hawezi kuimarika mpaka mambo matatu yatimie: aijue kazi nzuri inafananaje, aweze kuilinganisha na yake, na achukue hatua ya kuupunguza umbali ulioko baina ya hizo mbili. Jambo la tatu ndilo linalokosekana pale insha inaporudi ikiwa imefungwa. Palipo na nafasi ya kujibu, hatua hiyo inapata pa kuchukuliwa.

Haya yanawahusu pia wasimamizi wa tasnifu. Mwanafunzi wa uzamili anayesubiri kwa miezi na kurudishiwa sura yenye maneno "irekebishwe yote" hajapewa maoni. Amepewa muda wa kukata tamaa. Msimamizi mwenye shughuli nyingi angemfaa zaidi kwa kuzisoma kurasa tano na kuziuliza maswali mawili ndani ya juma moja kuliko kuzisoma kurasa sitini baada ya muhula mzima.

Hitimisho

Imejadiliwa katika insha hii kwamba usahihishaji wa kazi za fasihi chuoni umerithi desturi ya mlinda mlango, na kwamba urithi huo umetiwa nguvu na mitihani na kwa wingi wa wanafunzi. Imependekezwa kuwa idara za Kiswahili zitazame ndani ya ushairi zinaoufundisha, zitwae humo desturi ya jibu: kuishika kauli ya mwenzio, kuihoji hiyo yenyewe, na kungoja neno lake. Hakuna katika mapendekezo haya linalohitaji fedha, idhini ya seneti wala mtaala mpya. Mhadhiri mmoja anaweza kuyaanza muhula huu na rundo moja la insha.

Wala haifai kudhani kuwa kila mwanafunzi atajibu vizuri. Wengi watajibu kwa sentensi mbili za kujiondolea lawama, na wachache watanakiliana. Lakini katika kila rundo watakuwamo wanne au watano waliokuwa na jambo la kusema na wasiojua kama kuna anayesikiliza. Baadhi yao ndio watakaoandika uhakiki wa Kiswahili wa miaka ishirini ijayo, na wengine ndio watakaousomesha huko Voi, Kapsabet na Garissa. Wakijibiwa sasa, wao nao watajua namna ya kumjibu mtoto atakayewaletea sentensi moja nzuri katikati ya kurasa tatu za orodha.